Fida nane, traki arobaini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kontrola za studio

Studio yangu ni chumba cha nyuma hapa Ngamiani, Tanga. Wanaokuja ni watu wa taarab, kasida, kwaya, na vijana wa singeli wenye bit zao kwenye flashi. Tangu niweke kontrola mezani, yaani kifaa cha kuongozea programu ya kurekodi ya kompyuta, kila anayeingia akishauliza bei ya saa moja huuliza na hilo dude lenye fida (vile vishikio vya kuteleza vya kupandisha na kushusha sauti) zinazotembea zenyewe. Wenzangu wa fani nao hunipigia simu usiku, kila mmoja na lake. Majibu nimeyaweka hapa ili nipate kulala.

Hili dude ni mixa?

Hapana, ingawa vimefanana kama pacha. Mixa inapokea waya za maiki na sauti inapita ndani yake. Kontrola ya kawaida haina hata tundu la maiki. Sauti yote iko kwenye kompyuta, inaingia na kutoka kwa saundikadi yako ile ile, kile kifaa cha kupitishia sauti kwenye kompyuta. Kinachopita kwenye waya wa kontrola ni ujumbe mfupi mfupi wa MIDI, lugha ambayo ala za elektroniki zinazungumza tangu 1983: fida ya tatu imefika hapa, kitufe cha Play kimebonyezwa. Programu inasikia, inatenda, kisha inajibu: sawa, washa taa ya Play, sogeza fida ya tano ishuke kidogo.

Hapo kwenye kujibu pashike vizuri. Simu nyingi ninazopigiwa usiku zinaishia hapo.

Nikinunua, miksi zangu zitakuwa nzuri zaidi?

Kontrola haiongezi chochote kwenye sauti. Maiki mbovu itabaki mbovu, na chumba chenye mwangwi kitabaki na mwangwi wake. Ila mimi ilinibadilisha namna ya kusikiliza, na nitaeleza ilivyokuwa.

Kuna mama mmoja mwimbaji wa taarab, akiimba hufumba macho. Mwisho wa beti pumzi inashuka, na silabi ya mwisho inazama chini ya akodiani. Nilikuwa nikirekebisha kwa kipanya: nakuza picha, nachora kimstari, napiga, nafuta, nachora tena. Alikaa nyuma yangu kimya kwa muda, halafu akasema, "Mwanangu, mimi naimba, wewe watazama. Wasikiliza saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Siku ile kontrola ilikuwa bado mpya na nilikuwa nimeiweka pembeni. Nikaivuta, nikaweka kidole kwenye fida ya sauti yake, nikazima kioo cha kompyuta, nikabonyeza Play. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili nikazidisha. Mara ya tatu kidole kikapanda pamoja na pumzi yake, kama desibeli mbili tu, kikarudi kabla waitikiaji hawajaingia. Yule mama akafumbua macho. "Eee, hapo." Tukaenda beti ya pili.

Ukisikiliza rekodi za Black Star Musical Club au Lucky Star, vikundi vya hapa hapa kwetu Tanga, sauti ya mwimbaji inakaa mbele na ala zinampisha. Kwa kipanya unaweza kufika huko, sikatai. Kwa kidole unafika kabla chai haijapoa.

Mimi natengeneza bit na msanii mmoja tu. Naihitaji?

Pengine huihitaji. Kama kazi yako kubwa ni kupanga ngoma na sampuli, kinanda cha MIDI chenye pedi kitakufaa zaidi. Kontrola inaanza kujilipa pale unaporekodi watu wengi: kwaya, kikundi cha taarab, kasida yenye dufu sita na waitikiaji kumi na wawili. Ukisita kati ya kontrola na maiki nzuri, nunua maiki.

Kuna zenye fida zinazotembea na kuna zisizotembea. Tofauti ni bei tu?

Bei ni matokeo. Fida yenye mota inapokea jibu la programu na kukaa mahali pake. Ukifungua wimbo wa wiki iliyopita, fida zote zinaruka kwenye nafasi za wiki iliyopita, na mtoto wa jirani atakuja kuchungulia dirishani. Isiyo na mota inabaki pale ulipoiacha, kwa hiyo kilichoko mezani na kilichoko kwenye kioo vinaweza kutofautiana.

Tofauti ya pili ni ulaini. Kontrola ndogo nyingi zinatuma namba kuanzia 0 hadi 127, yaani hatua 128 kutoka chini hadi juu. Ukishusha sauti polepole mwisho wa wimbo, sikio zuri linaweza kusikia ngazi. Kwenye mfumo wa Mackie Control (nitaueleza hapo chini) fida zinatumia ujumbe mwingine, ule wa kupinda noti, wenye nafasi ya hatua 16,384. Vifaa vingi havitumii hatua zote hizo, lakini hata vikitumia sehemu yake, ngazi husikii.

Kwa mifano: Korg nanoKONTROL2 ina fida nane fupi zisizo na mota, inakula umeme wa USB tu na inaingia kwenye mkoba. PreSonus FaderPort ya fida moja ina mota na urefu wa milimita 100. Behringer X-Touch ina fida tisa za mota, nane za traki (kila sauti iliyorekodiwa peke yake) na moja ya jumla. Kwa anayefanya kazi peke yake, mimi husema fida moja nzuri yenye mota inashinda nane fupi zisizo nayo. Una vidole kumi, sawa, lakini ukimfuata mwimbaji unatumia kimoja.

Kontrola yangu si ya Mackie. Mbona naambiwa nichague Mackie?

Kwa sababu jina hilo limekuwa jina la lugha. Miaka ya 1990 mwishoni kampuni ya Mackie walitoa HUI, kontrola iliyotengenezwa kufanya kazi na programu ya kurekodi ya Pro Tools. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja Mackie Control. Watengenezaji wengine wakaona hakuna haja ya kubuni lugha mpya, wakatengeneza vifaa vinavyojitambulisha kana kwamba ni vya Mackie. Ni kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Kolgeti.

Kanuni ya mezani: Pro Tools chagua HUI, nyingine karibu zote chagua Mackie Control. Na kontrola yenyewe lazima iwe imewekwa kwenye lugha hiyo hiyo. Kwenye X-Touch unashikilia kitufe cha Select cha traki ya kwanza huku unawasha, menyu inatokea, unachagua. Kwenye nanoKONTROL2 unashikilia vitufe viwili wakati unachomeka USB, na vitufe gani inategemea programu yako. Kitabu chake kina orodha. Usikitupe kile kitabu pamoja na boksi.

Naiunganishaje na programu yangu?

Chomeka na uwashe kontrola kwanza, ndipo ufungue programu. Ukienda kinyume, mara nyingi programu haitaiona hadi uifunge na kuifungua tena.

Reaper: fungua "Preferences", nenda "Control/OSC/web", bonyeza "Add", chagua "Mackie Control Universal". Utaona sehemu mbili, ya kuingia na ya kutoka. Weka jina la kontrola yako kwenye zote mbili. (Reaper unaijaribu siku 60, na leseni ya punguzo ni dola 60. Naitaja kwa sababu ndiyo ninayotumia, wala silipwi.)

Cubase: "Studio", kisha "Studio Setup", bonyeza alama ya kujumlisha, chagua "Mackie Control", jaza kuingia na kutoka. Kuanzia Cubase 12 kuna pia ukurasa wa "MIDI Remote", mzuri sana kwa vikontrola vidogo visivyojua Mackie. Unachora kifaa chako kwenye kioo na kukipa kila kitufe kazi yake.

FL Studio, ambayo ndiyo kipenzi cha vijana: kwenye mipangilio ya MIDI washa kontrola upande wa kutoka, uipe namba ya poti. Shuka upande wa kuingia, iwashe, chagua aina "Mackie Control Universal", uipe namba ile ile. Namba zikitofautiana, kontrola itasema na programu haitajibu.

Ableton Live ina orodha ya "Control Surface" kwenye ukurasa wa MIDI. Chagua MackieControl, jaza pande zote mbili. Pro Tools: "Setup", "Peripherals", "MIDI Controllers", aina HUI, chaneli 8, na hakikisha kifaa kimetiwa alama pia kwenye orodha ya vifaa vya kuingiza MIDI. Logic ya Mac mara nyingi inaitambua yenyewe.

Tanga twasema waja leo, waondoka leo, lakini hili lipe jioni nzima. Usilifanye mteja akiwa amekaa.

Nikisogeza fida programu inatii, lakini taa haziwaki na fida hazitembei zenyewe.

Hujajaza upande wa kutoka. Umeipa programu masikio, hukuipa mdomo. Rudi swali lililotangulia.

Ikiwa umejaza na bado, angalia kama adapta ya umeme imechomekwa. Kuna kontrola ambazo waya wa USB peke yake unatosha kuwasha taa na vitufe, lakini mota zinadai umeme wa ukutani. Nilishatoka hadi Chumbageni kwa ajili ya adapta ambayo mtoto aliichomoa ili achaji simu.

Nikibonyeza vitufe, kinanda ndani ya programu kinalia ovyo.

Kinalia kwa sababu kwa programu kitufe chako ni noti. Katika lugha ya Mackie, Play ni noti namba 94, Stop ni 93, Record ni 95. Ikiwa umeruhusu kontrola kuwa pia ala ya kupigia, traki iliyo tayari kurekodi MIDI itazipokea kama muziki. Kwenye Reaper, ukurasa wa vifaa vya MIDI, iache kontrola ikiwa imezimwa. Iwashwe kule kwenye "Control/OSC/web" peke yake. Kwenye Cubase, toa alama yake kwenye safu ya "In All MIDI Inputs".

Niliwahi kutoa wimbo mzima wa kwaya, piano ikiwa na vinoti viwili vya juu kabisa kila tulipoanza na kusimama. Mwalimu wa kwaya alidhani ni ubunifu, akanipongeza.

Nina traki arobaini na fida nane. Nyingine nazifikiaje?

Vitufe vya "Bank" vinahamisha fida zote kwa nane nane, vya "Channel" vinahamisha moja moja. Lakini usikubali kuishi kwa kuhamahama. Panga traki zako kwa makundi: dufu zote folda moja, fidla folda moja, waitikiaji folda moja, na makundi hayo yaweke mwanzo wa wimbo. Wimbo wa taarab kwangu unaishia hivi: mwimbaji, waitikiaji, fidla, akodiani, kinanda, gitaa na besi, ngoma, mwangwi. Nane. Fida ya tisa ni ya jumla. Traki thelathini na kitu zilizobaki naziendea nikizihitaji.

Jina la traki liwe fupi. Vioo vidogo vya kontrola vinaonyesha herufi saba hivi, kwa hiyo "Waitikiaji wanawake kushoto" itakuwa "Waitiki", na ile ya kulia nayo "Waitiki". Mimi naandika WtkK ya kushoto na WtkL ya kulia.

Touch, Latch, Write: niweke ipi?

Hizi ni namna za kukumbuka mwendo wa fida. Read inasoma tu ulichoandika. Touch inaandika wakati kidole kiko juu ya fida. Ukiachia, fida inarudi ilikokuwa. Latch inaanza kuandika ukigusa, na ukiachia inaendelea kushikilia pale pale hadi usimamishe wimbo. Write inaandika tangu Play, uguse usiguse, na inafuta kila kilichokuwepo.

Anza na Touch. Kwa silabi ya yule mama, Touch ndiyo yenyewe: unapandisha, unaachia, inarudi. Latch naitumia kwa mabadiliko ya kudumu, mfano ngoma zishuke kuanzia beti ya tatu hadi mwisho. Write nimeiogopa tangu iliponifutia kazi ya asubuhi nzima, nami nilikuwa nimeinuka tu kufungua mlango. FL Studio haina majina haya. Kule unarekodi otomesheni, yaani huo mwendo unaokumbukwa, kwa kitufe cha kurekodi, ukichagua ichukue miondoko tu bila noti.

Na ujaribu kitufe cha "Flip" kama kipo. Kinabadilishana kazi za nobu (vile vishikio vya kuzungusha) na fida. Ukichagua kiasi cha mwangwi kwenye nobu kisha ukabonyeza Flip, sasa mwangwi uko kwenye fida ndefu, unaweza kuumwagia neno moja tu la mwisho na kuufunga. Wapenzi wa kasida watakupenda.

Fida inapigana na kidole changu. Nyingine inatikisika yenyewe. Ina shetani?

Mteja mmoja aliiona ikitikisika, akachukua mkoba wake akasema atarudi kesho. Alirudi wiki iliyofuata na kaka yake.

Fida za mota zinatambua kidole kwa umeme mdogo wa mwili. Ukigusa, programu inaambiwa: mwenye mali ameshika, acha kuvuta. Kama mguso hautambuliwi, mota inaendelea kuvuta kwake na wewe kwako. Sababu ya kwanza ni kusogeza kwa ukucha, ambao haupitishi chochote. Tumia nyama ya kidole. Ya pili ni umeme usio na waya wa ardhi. Nyumba nyingi zina soketi zenye matundu matatu ilhali ule waya wa ardhi haujafika popote. Kwangu ilikuwa hivyo, na ilizidi feni ikiwashwa. Fundi umeme alipofunga waya wa ardhi sawasawa, fida zilitulia, na ule mvumo wa chini kwenye spika ukapungua. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi, na usimruhusu mtu akufungie waya kwenye bomba la maji akakwambia imekwisha.

Yangu haina mota. Nikigusa fida, sauti inaruka ghafla.

Fida iko juu, programu iko chini. Ukigusa, programu inaifuata fida. Tafuta kwenye mipangilio neno "Pickup" au "Takeover". Ukiiwasha, programu itasubiri hadi fida ipite pale ilipo sauti ndipo iishike. Mwanzoni utadhani imekufa. Sogeza tu.

Naweza kutumia simu badala ya kununua?

Ndiyo, kwa kuanzia. Programu ya TouchOSC inaifanya simu au tableti kuwa kontrola, na Logic ina Logic Remote kwa iPad. Simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja; hotspoti ya simu yenyewe inatosha, na ujumbe wa kontrola hauli bando kwa sababu hautoki chumbani. Kwa Play, Stop na Record ukiwa ndani ya kibanda cha kurekodi, simu ni nzuri mno: najirekodi mwenyewe gitaa bila kukimbia huku na huku. Kwa kumfuata mwimbaji, kioo hakina ukingo wa kushika. Utajikuta unatazama tena.

Mixa yangu ya dijitali inaweza kufanya kazi hii?

Baadhi zinaweza. Behringer X32, ambayo utaikuta kwenye kumbi na makanisa mengi, inaweza kuigeuza sehemu ya fida zake kuwa kontrola ya Mackie au HUI. Soma mipangilio yake kabla ya kuingia gharama.

Nirekodi nayo ikiwa imewashwa?

Kama maiki iko chumba kimoja na kontrola, mota zitasikika, hasa kwa dufu la polepole au sauti ya mnong'ono. Mimi hufunga otomesheni wakati wa kurekodi, fida zikatulia.

Chumvi, joto, umeme wa kupandashuka: nitaitunzaje?

Upepo wa bahari hapa unakula chuma, na kwenye fida unaleta ukwaruzo. Ifunike ukimaliza. Kanga ya zamani iliyofuliwa inatosha. Taulo inaacha nyuzi. Vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vihifadhi uviweke chini ya kifuniko. Usipulizie fida mafuta ya kulainishia bawaba za mlango, hata fundi akisema anajua. Kuna dawa yake ya kusafishia fida.

Umeme wetu ni volti 230, na ukirudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo. Chomoa ukikatika, au weka UPS, ile betri ya akiba ya mezani. Laptopu itaendelea na betri yake, miksi haipotei.

Nanunua iliyotumika. Niangalie nini?

Iombe iwashwe mbele yako. Kontrola nyingi za mota zikiwashwa zinapandisha na kushusha fida zote kujikagua. Tazama inayochelewa au inayokwama. Bonyeza kila kitufe. Sogeza kila nobu pande zote mbili. Angalia tundu la USB, lisiwe linacheza.

Za zamani zinazotumia waya wa FireWire badala ya USB ziache zilipo, hata zikiwa nusu bei, kwani laptopu ya leo haina pa kuichomeka. Uliza pia kama inadai draiva (programu ndogo ya kuitambulisha kwa kompyuta), na kama draiva hiyo inakubali Windows au Mac uliyonayo.

Na adapta. Ya kwangu niliinunua Dar, duka lilipoteza adapta yake likanipa nyingine "inaingia tu". Iliingia kweli. Nikaona moshi mwembamba kabla sijafika kwenye kitufe cha kuwasha. Soma maandishi nyuma ya kontrola: volti lazima zilingane kabisa, ampea za adapta ziwe sawa au zaidi, na kichoro kidogo cha duara chenye jumlisha na kutoa kilingane. Kisipolingana, acha pesa yako mfukoni, panda basi, rudi Tanga.